Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Kitenzi "kupiga" kinabeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mtu hupiga ngoma, hupiga mbizi, hupiga pasi, hupiga bao, hupiga kofi, hupiga hodi. Na tangu kamera ilipofika pwani, hupiga picha. Wenye lugha hawakuona haja ya kuunda kitenzi kipya kwa ajili ya chombo kipya. Walikitwika kile cha zamani mzigo mwengine, nacho kikaupokea. Lakini katika orodha hiyo mna vitendo viwili vinavyopeana mgongo. Kofi hupigwa bila ya idhini ya anayepigwa. Hodi hupigwa kwa ajili ya kuomba idhini. Basi picha inapopigwa, huwa ni ndugu wa kofi au ndugu wa hodi?

Swali hili si geni, ila limepata uzito mpya tangu zilipoingia mikononi mwa watu kamera ndogo za dijitali za daraja la juu. Hazizungumzwi hapa zile kamera nyepesi za mfukoni zilizojaa madukani mwanzoni mwa karne hii. Zile zimekwisha kumezwa na simu. Mwaka 2010 watengenezaji waliomo katika jumuiya ya viwanda vya kamera ya Japani walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, na sehemu kubwa yake ilikuwa za mfukoni. Kufika mwaka 2020 idadi ya kamera za kila namna ilikuwa imeshuka chini ya milioni 9. Maji yalipokupwa kiasi hicho, ulibakia mwamba mmoja mdogo ambao haukuzama: kamera ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye simu haimtoshi, kamera kubwa inamchosha, na yuko tayari kulipa.

Mifano yake inajulikana. Ricoh GR III, iliyotoka mwaka 2019, ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi yake, nayo huingia katika mfuko wa kanzu bila ya kuuvuta. Fujifilm ilianza kuuza X100 mwaka 2011, na mwaka 2024 ikatoa ya sita katika ukoo huo, X100VI, yenye megapikseli 40, kwa bei ya dola 1,599 huko Marekani. Leica Q3 ya mwaka 2023 ina megapikseli 60, na ilipotoka ilitakiwa dola 5,995. Hizo ni fedha za kununulia mashine ya boti. Zote tatu zina lenzi moja tu, isiyobadilishwa, isiyorefuka wala kufupika. Ndani yake mna kipande cha kupokea mwanga kilicho sawa na vya kamera kubwa. Kilango cha kuruhusu mwanga kimetiwa ndani ya lenzi yenyewe, na hufunguka na kujifunga kwa mlio hafifu kuliko wa punje za tasbihi. Aliyesimama hatua mbili kutoka hapo anaweza asisikie kitu.

Kitu cha thamani namna hii kina mtihani wake kwa mwenye kukimiliki, na mtihani wa kwanza ni wa kukipenda kupita kazi yake. Baada ya X100V kutoka mwaka 2020, vijana waliisifu mno katika mitandao hata ikaadimika, na katika mwaka 2022 na 2023 iliyokwisha tumika iliuzwa kwa bei iliyozidi ya mpya. Wako walioinunua wakaitia kabatini, na wako wanaoivaa shingoni kama mkufu. Hapana shaka ni hasara, kwani jahazi lisiloshushwa majini huliwa na mchwa kama ubao mwengine wowote. Walakini hasara hiyo ni baina ya mtu na mali yake. Jirani hadhuriki. Jambo zito linaanza siku kamera inapotoka kabatini ikapita mitaani, kwa sababu hapo mali ya mtu mmoja hukutana na uso wa mtu mwengine.

Ili kuupima uzito huo, inafaa kukumbuka picha zilivyokuwa zikipatikana katika miji ya pwani. Unguja ilikuwa na wapigapicha wa studio tangu karne ya 19, na jina la A. C. Gomes, Mgoa, limebaki chini ya picha nyingi za enzi hiyo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mwaka 1942 N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa. Lamu, katika miaka ya 1960, Omar Said Bakor alikuwa akiwapiga picha watu wa mji wake na kuzichanganya picha hizo kwa ustadi wa ajabu. Katika studio hizo zote utaratibu ulikuwa mmoja. Mtu aliamua mwenyewe kwamba anataka picha. Alikoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi au gauni lililotoka kwa fundi, akatia saa mkononi, akaenda kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mpigapicha. Yeye ndiye aliyepiga hodi. Alichagua akae au asimame, atazame lenzi au atazame ua. Alilipa, akangoja picha isafishwe, akarudi kuichukua. Picha ile ilikuwa ni mapatano yaliyotimia baina ya watu wawili waliojuana.

Hata kamera iliyotoka nje ya studio ilikuwa na namna yake ya kuomba ruhusa. Ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na nyuma yake mtu amejifunika kitambaa cheusi. Haikuweza kufika mahali ikawa haikuonekana. Watoto waliizunguka, wazee waliuliza ni ya nani, na mwanamke asiyetaka kuonekana alipata wakati wa kujitanda au kuingia uchochoro mwengine. Aliyebakia mbele yake alibaki kwa kutaka. Ukubwa wa chombo ulifanya kazi ambayo mwenye chombo hakuifikiria: ulimpigia hodi yeye, hata kama mwenyewe alikuwa hana adabu hiyo.

Kila kamera ilipopungua ukubwa, hodi hiyo ilipungua sauti. Mwaka 1888 George Eastman alipotoa Kodak ya kwanza, sanduku la kushikwa mkononi lenye filamu ya picha 100, watu wa Marekani walianza kupigwa picha ufukweni na barabarani bila ya kujua. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1890, wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha makala katika jarida la sheria la Harvard wakitetea haki ya mtu kuwa na faragha, na miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia zilikuwa picha hizo za papo kwa papo. Mwaka 1925 ikaja Leica ya kwanza kuuzwa, ndogo kiasi cha kuenea katika kiganja. Na mwaka 1938 Walker Evans, mpigapicha mashuhuri wa Marekani, alianza kupanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa na kamera aina ya Contax aliyoificha ndani ya koti. Lenzi ilichungulia baina ya vifungo, na waya wa kufyatulia ulipita ndani ya mkono wa koti mpaka kiganjani. Abiria waliokaa mkabala naye walikuwa wakisinzia, wakisoma gazeti, wakiwaza madeni yao. Hakuna aliyejua.

Evans aliendelea hivyo mpaka mwaka 1941, na picha zile ni miongoni mwa picha za nyuso zenye ukweli mkubwa kupata kupigwa. Lakini kitabu chake kizima cha picha hizo hakikutoka mpaka mwaka 1966. Alijua kwamba kazi ile ina harufu ya upelelezi, na hakulificha hilo. Miaka 25 ni muda mrefu kwa picha kukaa sandukuni. Ni muda wa mtoto kuzaliwa na kuoa. Katika muda huo nyuso zile zilikuwa zimezeeka, makoti yale yamepitwa na wakati, na madhara ambayo picha ingeweza kumletea mtu mbele ya mumewe, mwajiri wake au jirani yake yalikuwa yamepungua. Evans aliiba kwa haraka, ila alitumia alichokiiba kwa pole sana.

Kamera ndogo za leo zimemaliza kazi ya Evans bila ya kuhitaji koti. Huenda msomaji akasema kwamba simu nayo ni ndogo na iko katika kila mfuko, basi kwa nini lawama iiangukie kamera? Jawabu ni kwamba simu bado huonekana. Mtu huinyoosha mbele ya uso wake, na hata mtoto wa chuoni anajua maana ya mkono ulionyooshwa hivyo. Kamera ndogo ya daraja la juu huning'inia kifuani au hulala kiganjani, ikapiga kutoka kiunoni bila ya jicho la mwenyewe kuisogelea. Tena picha yake ina utajiri ambao simu haina. Katika megapikseli 60, mtu aliyekuwa akipita upande wa pili wa njia, ambaye mpigapicha hakumwona alipobonyeza kitufe, anaweza kukatwa kutoka pembeni, akakuzwa, akawa yeye ndiye picha. Uamuzi huo hufanyika usiku, nyumbani, mbele ya kompyuta, na anayeamuliwa hayupo. Zamani mtu aliweza kupigwa picha bila ya kujua. Sasa anaweza kupigwa picha hata mpigaji mwenyewe asijue, mpaka baadaye.

Watu wa pwani hawakuwa na kamera walipojenga miji yao, ila jambo hili la jicho walilifikiria mno. Nyumba ya mawe ya Lamu haifunguki moja kwa moja kutoka njiani. Mna daka mbele ya mlango, penye vikao vya mawe, ambapo mgeni hupokewa. Baada ya mlango mna tekani, na kona ya ukuta inayozuia macho ya mpita njia yasifike kiwandani hata mlango ukiwa wazi. Mafundi wale walijua kwamba mtu anaweza kuingia nyumba ya watu na miguu yake ikabaki nje. Mafunzo ya dini yanasema jambo hilo hilo. Mgeni aombe idhini mara tatu, na asipoitikiwa arejee. Na wanazuoni wamefundisha kwamba idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Anayetangulia kuchungulia, kisha akapiga hodi, amekwisha kuivunja hodi yake.

Lakini je, njiani? Mpigapicha hujitetea kwamba yeye hakuingia nyumba ya mtu. Alikuwa njiani, na njia ni ya wote. Hoja hiyo ina nguvu katika sheria za nchi nyingi. Katika adabu ya mitaa yetu ina upungufu mmoja. Baina ya nyumba na soko, wajenzi wetu waliweka baraza, nayo si ndani wala si nje. Mzee aliyekaa barazani baada ya alasiri anaonekana na kila anayepita, na hajali kuonekana. Hata hivyo, hakuna anayempita kama anavyolipita jiwe. Hupewa salamu, naye huitika. Mpita njia hununua haki ya kupita kwa salamu, na salamu ni hodi ndogo ya mahali pasipo mlango. Aliyekaa barazani ameutoa uso wake kwa majirani na wageni wanaomsalimu. Hakuutoa kwa watu elfu walio mbali, ambao hatawajua na hawatamwitikia.

Sheria nayo imekuwa ikilifuata jambo hili kwa nyuma. Mwaka 1898, Otto von Bismarck alipofariki, wapigapicha wawili wa Hamburg waliingia usiku katika chumba alimolazwa wakapiga picha ya maiti yake. Ujerumani ilifadhaika, na mwaka 1907 ikatunga sheria inayompa mtu haki juu ya sura yake mwenyewe. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna inayoisimamia ilitoza faini ya shilingi 1,850,000 mahali pa starehe mjini Nairobi palipotangaza picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Tanzania ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2022. Wakati huo huo sheria za hakimiliki humtambua mpigaji kuwa ndiye mwenye picha. Kwa hivyo sheria mbili zinazungumza juu ya kitu kimoja kwa ndimi mbili. Kiswahili kimeubeba mgongano huo siku zote katika maneno mawili mepesi. Mtu akisema "picha yangu", yumkini ni picha aliyoipiga, au ni picha inayomwonyesha yeye, au ni picha aliyoinunua akaitundika ukutani. Watu watatu wanaweza kusimama mbele ya picha moja, kila mmoja akasema "yangu", na hapana hata mmoja anayesema uongo.

Wanaozitetea kamera za siri wana hoja moja nzito, na haifai kuipuuza. Wanasema kwamba picha iliyoombwa imekwisha kufa. Mwambie mtu kuwa unampiga picha, naye atanyoosha mgongo, atakaza midomo, ataondoka ndani ya uso wake akaacha barakoa mahali pake. Henri Cartier-Bresson aliibandika Leica yake utepe mweusi ili isimetemete, na kwa uangalifu huo aliiletea dunia picha ambazo mpigapicha wa miguu mitatu asingeziota. Washairi wanaijua hoja hii kwa undani, kwani neno bora mara nyingi ni lile lililomtoka mtu kabla hajajipanga. Lau kila uso ungaliombwa ruhusa, makumbusho ya dunia yangalijaa watu waliokaa wima.

Hoja hiyo ina tawi la pili, lenye nguvu zaidi. Askari anayempiga mchuuzi rungu, au bwana anayemtesa mtumishi, hawezi kuombwa ruhusa, na kamera ndogo isiyo na mlio inaweza kuwa shahidi wa pekee wa mnyonge. Hapa jawabu ni jepesi. Hodi ni haki ya mwenye nyumba aliyetulia nyumbani kwake. Anayevunja nyumba ya mwenziwe ameiacha haki hiyo mlangoni alipovunjia, na hakuna anayempigia hodi mwizi. Lakini ni lazima ikumbukwe kuwa katika picha hiyo hiyo yumo mchuuzi anayepigwa, na yeye hakuvunja mlango wa mtu. Uso wake ulio chini vumbini bado una mwenyewe. Ushahidi dhidi ya dhalimu unaweza kutolewa bila ya kumvua nguo aliyedhulumiwa.

Lile tawi la kwanza, la uso unaokufa ukiombwa, halijibiwi kwa wepesi huo. Linajibiwa na kamera yenyewe, ikiwa mwenye kamera atakubali kufundishwa nayo. Lenzi yake moja isiyorefuka haiwezi kumvuta mtu kutoka mbali. Ricoh huona kwa upana wa milimita 28, na Fujifilm kwa upana wa milimita 35, kama wanavyohesabu wapigapicha. Ukitaka uso wa mtu ujae katika picha, ni lazima usogee mpaka umbali wa kusikizana. Chombo kinamtaka mwenyewe awe jirani. Na kwa kuwa ni kidogo, hakimtishi anayeelekezewa kama ilivyo kamera nzito yenye lenzi kama mkonga. Mvuvi anayeshona nyavu zake huweza kuendelea kushona, na mazungumzo yakaendelea. Anayekaa muda wa kutosha mahali, akanywa kahawa na wenyeji, akajulikana jina lake na la chombo chake, huona barakoa ikianguka yenyewe. Uso uliokufa kwa kuombwa hufufuka kwa kuzoewa. Kinachouua ni haraka ya mwenye kuomba.

Tena kamera ya dijitali ina neema ambayo filamu haikuwa nayo. Picha huonekana papo hapo nyuma yake, na hufutwa papo hapo. Evans hangeweza kumwonyesha abiria wake kitu chochote. Picha ilikuwa gizani ndani ya mkanda. Wa leo anaweza kupiga kwanza, pale ambapo wakati hausubiri, kisha akageuza kamera, akaonyesha, akangoja. Akiambiwa futa, anafuta, na mwenye uso anaona kwa macho yake kuwa imefutwa. Hapo hodi iliyochelewa inaweza bado kuwa hodi, kwa sharti kwamba mpigaji yuko tayari kurudishwa mlangoni.

Kwa hivyo ile desturi ya hodi tatu inafaa kamera hizi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Hodi ya kwanza ni ya kabla ya picha, nayo si lazima iwe maneno. Salamu yatosha, au jicho lililokutana na jicho, au kamera iliyoshikwa wazi mkononi. Hodi ya pili ni ya baada ya picha, ya kuonyesha na kukubali kufuta. Wengi wenye adabu huishia hapo, wakajiona wamekwisha lipa. Lakini iko ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa: hodi ya kabla ya picha kusafiri.

Safari ya picha ni jambo jengine kabisa na kupigwa kwake, na kisa cha Dorothea Lange kinaonyesha hivyo. Mwezi Machi mwaka 1936, huko Nipomo, California, alimkuta mama mmoja na watoto wake chini ya hema, katika kambi ya vibarua waliokosa kazi. Lange hakujificha. Kamera yake ilikuwa kubwa, alimwendea kwa miguu, alisogea hatua baada ya hatua, na mama yule alikubali. Picha ile ikawa sura ya umasikini wa Marekani katika miaka ya dhiki. Lange hakuandika jina la mama. Ni mwaka 1978 ndipo ulimwengu ulipomjua kuwa ni Florence Owens Thompson, na yeye akasikitika kwamba picha ilipigwa, akisema haikumletea faida yoyote. Maisha yake yote yaliyofuata, ya kazi na kulea, yalifunikwa na alasiri moja ya njaa. Alipougua mwaka 1983, watu waliomjua kwa picha ile walichanga maelfu ya dola kumsaidia. Basi picha ilimtumikia na ikamdhulumu. Idhini aliyoitoa chini ya hema ilikuwa idhini ya kupigwa picha. Hakuna aliyemuuliza kama anaridhia kuwa alama ya taifa zima la masikini.

Kwenye visiwa hivi jambo hilo hutokea kila siku kwa kipimo kidogo. Mtoto aliyeruka kutoka ukutani Forodhani wakati maji yamejaa amecheka mbele ya kamera kwa furaha ya kweli. Hakukubali, wala hana umri wa kukubali, kuwa tangazo la hoteli au sura ya "Afrika" katika ukumbi wa maonyesho wa mji wa mbali. Mwanamke anayelima mwani Paje ameinua kichwa akatabasamu. Alitabasamu kwa aliyesimama mbele yake. Kuichukua tabasamu hiyo na kuipa watu wasiohesabika ni kumfanya mgeni mmoja aliyekaribishwa afungue mlango kwa umati.

Ziko pia nyumba ambazo hodi haipigwi hata mara moja. Aliyelala, mgonjwa, mfiwa aliye katika kilio chake, mwendawazimu sokoni, mtu aliyelewa, mama anayeoga mtoto: hawa hawawezi kuitikia, na kutoitikia kwao si ridhaa. Sheria ya hodi imekwisha sema afanye nini asiyeitikiwa. Anarejea. Mwenye kamera ya dola 5,995 atarejea mikono mitupu kutoka mahali ambapo picha nzuri kuliko zote ilikuwa ikimngojea, na hasara hiyo ni sehemu ya bei ya kamera, ingawa haikuandikwa dukani.

Inabaki namna moja ya kuipiga hodi ya tatu ambayo studio za zamani ziliijua na kamera za leo zimeisahau. Katika studio, mtu aliondoka na picha yake mkononi. Siku hizi maelfu ya picha hulala katika kadi iliyo ndogo kuliko ukucha, na waliomo ndani yake hawazioni. Mwenye kamera akazichague chache, akazichapishe katika karatasi, akarudi nazo mtaani alikozipata. Aulize nyumba, asimame kwenye daka, apige hodi ya mdomo. Mwenye uso akitoka, ampe ile picha, kisha amwambie anataka kuipeleka wapi. Pengine atakubaliwa kwa kicheko, na watoto wataitwa waje kutazama. Pengine mzee ataitazama kwa muda mrefu, ataitia mfukoni, na atasema hii iishie hapa. Jawabu lolote kati ya hayo mawili litakuwa limetoka kwa mwenye mlango.